Kipande cha Mawe Kimezaa, na Ninalalamika

Kwa Bwana Shamba wa kata yetu,
Ofisi ya Kilimo, mlango wa pili baada ya choo.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAVUNO MAZURI, NA OMBI LA KUYAKANUSHA KWA MAANDISHI

Bwana Shamba mheshimiwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kuzunguka mashamba ya watu na pikipiki isiyo na breki. Mimi ni yule mkulima uliyempiga picha mwezi uliopita akiwa amesimama katikati ya magunia saba ya choroko, amekunja uso. Uliniambia nitabasamu, nikashindwa, ukasema ni jua. Halikuwa jua. Ilikuwa hasira, ila sikutaka kukutolea mbele za watu kwa sababu ulikuwa mgeni na ulikuwa umeshika kikombe changu cha chai.

Sasa nakutolea kwa karatasi.

Ijumaa hii wifi yangu, yaani mdogo wake mume wangu, atafika ofisini kwako kuchukua barua. Chuo cha kilimo kimempa nafasi, lakini wanataka uthibitisho wa Bwana Shamba kwamba nyumbani kwao kuna mavuno ya kutosha kumlipia karo. Bila barua yako nafasi anapewa mwingine. Ombi langu ni moja, na nalileta kwa heshima zote: andika kwamba kipande cha mawe kimegoma. Hakikuzaa. Choroko hakuna. Yale magunia saba uliyoyaona yalikuwa ya pumba. Najua hujazoea kuombwa hivi. Watu huja kwako wakilia kwamba wamekosa, nawe unawaandikia. Mimi nakuja nikilia kwamba nimepata, na naomba uniandikie vilevile.

Ili usije ukadhani nimepungukiwa akili, nieleze tangu mwanzo.

Utakumbuka semina uliyotupa katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Ulisema mavuno hupanda na kushuka, na mkulima mwenye akili hapangi fedha zake kana kwamba kila mwaka ni mwaka mzuri. Ukasema kila kipande cha shamba kipewe kazi yake. Kile kinachozaa bila matata kibebe mambo ya lazima. Kile cha kubahatisha kibebe mambo yanayoweza kusubiri. Na kile usichokitegemea kabisa, ukitwishe mambo ambayo hata yasipofanyika hakuna atakayekufa. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mjusi ukutani, kila neno nalimeza.

Nikaenda nyumbani nikafanya kama ulivyosema. Bustani ya mboga nyuma ya nyumba nikaipa chumvi, sabuni na viberiti. Mahindi ya bondeni nikayapa matumbo yetu. Alizeti ya mteremkoni, ambayo mwaka huu inacheka na mwaka ujao imenuna, nikaipa mabati na nguo. Kikabaki kipande cha mawe. Unakijua. Tangu niolewe kilikuwa hakijanipa kitu zaidi ya majembe yaliyopinda. Mwaka kilipojitahidi sana kilitoa nusu debe la kunde, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa changarawe.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na naona fahari kusema hivyo ingawa imeniponza. Mambo ambayo hata yasipofanyika hakuna atakayekufa, kwangu mimi, ni yale nisiyoyataka. Na mimi nina haya, siwezi kumwambia mtu hapana usoni. Kwa hiyo kila aliyeniletea ombi nisilolitaka nilimshika mkono, nikamwangalia machoni, nikamwambia: kipande cha mawe kikizaa, nitakufanyia. Akaondoka ameridhika, nami nikabaki na fedha zangu. Tumeishi hivyo miaka tisa, nyumba imetulia tuli. Mume wangu husifiwa hadi sokoni kwamba amepata mke asiyejua kukataa.

Kisha ukaja shambani wewe mwenyewe.

Ulikuja wakati wa kiangazi na buti zako mpya, ukakizunguka kipande changu, ukachutama, ukachukua udongo ukauonja kwa ncha ya ulimi, ukasema kina uwezo. Kina uwezo! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wifi hakucheka. Wifi alichutama pale pale ulipochutama wewe, mkaanza kuulizana maji yanapita wapi na yanakimbilia wapi. Mkakubaliana mawe yasitupwe bali yapangwe kwa mistari kukata mteremko, yazuie maji. Mkakubaliana choroko, zile za muda mfupi. Mimi nilitoa ruhusa kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu nilikuwa na uhakika kwamba mtashindwa.

Mvua ikaja kidogo, ikakatika mapema. Mahindi ya bondeni yakalegea, alizeti ikanuna. Na kile kipande, ambacho kwa utaratibu wa miaka yote kilipaswa kuwa cha kwanza kufa, kikasimama wima. Kumbe choroko hazina haja na maji mengi. Zikatoa maua, zikatoa maganda, tukavuna, tukarudi tukavuna tena kwenye mashina yaleyale, ala! Mnunuzi amekuja na lori hadi mlangoni mara mbili bila kuitwa, maana kwingine zimekosekana. Mara zote mbili nimemwambia naumwa, arudi baada ya Ijumaa.

Hasara nilizopata kutokana na mavuno hayo ni kama ifuatavyo.

1. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu na ambaye naomba asiione barua hii, anaishi kwa mwanawe mkubwa. Mwaka ule ule wa kwanza wa mpango wangu aliniomba ajengewe chumba hapa kwetu, ukuta kwa ukuta na jiko langu, na dirisha lake litazame ndani. Nikampeleka kwenye kipande cha mawe haraka sana. Sasa amekuja kwa ajili ya mavuno. Tulipokuwa tunapiga choroko kwa fimbo, yeye alikaa kivulini anahesabu magunia kwa sauti. La pili alisema msingi. La tano akasema kuta. La saba lilipokwisha kushonwa aliinuka, akachukua kigoda, akaingia jikoni kwangu, akakiweka pale litakapokuwa dirisha lake, akaketi, akachungulia sufuria yangu na kusema mboga haina chumvi. Bwana Shamba, ilikuwa haina chumvi kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

2. Mume wangu ni fundi redio, mtu mpole, wa maneno ya kuhesabu. Ndoto yake ni spika za kukodisha kwenye harusi, zile zinazofika kifuani kwa mtu mzima. Mimi napenda nisikie kuku wangu wakitaga. Nikampa ahadi ya kipande cha mawe na akaipokea kwa upole wake, na kwa miaka mingi hakuitaja tena. Tangu mavuno, yule mtu mpole amekwisha. Amegeuza mwiko wangu kipaza sauti. Asubuhi natangaziwa kwamba mabibi na mabwana, chai imewasili ukumbini. Juzi nilitoka kuoga, kanga imenibana, akanikaribisha sebuleni kwa makofi na kuwaomba wageni waalikwa wasimame. Wageni wenyewe walikuwa paka na mtu aliyekuja kuchukua redio yake. Wote walisimama. Na hizo spika bado hazijanunuliwa! Zikinunuliwa, nadhani itabidi nihamie kwa yule mwana mkubwa wa mama mkwe, chumba kitakuwa kimebaki wazi.

3. Shemeji yangu tunamwita Mradi, na jina hilo hakupewa kwa kusifiwa. Alifuga sungura, wakachimba chini ya ukuta, wakatokea kwa jirani na kuhamia huko kwa hiari yao. Akalima uyoga chini ya kitanda chake. Uyoga haukuota, uliota upele mgongoni mwake. Akaja na mizinga ya nyuki, na habari ya nyuki hatuizungumzi mbele ya mume wangu hadi leo. Kila mradi ulipokufa alikuja kwangu kuomba mtaji wa unaofuata, nami nikamtuma kwenye kipande cha mawe, kiasi kwamba ahadi zake huko zimerundikana. Sasa anazitaka zote kwa mpigo, azitie kwenye bwawa la samaki. Ameshachimba shimo nyuma ya nyumba. Nilipomuuliza maji yatatoka wapi, alijibu kwamba kwanza ni shimo, maji ni hatua ya pili. Nilipomuuliza anajua nini kuhusu samaki, alijibu kwamba samaki wanajua kuogelea wenyewe, kwa hiyo nusu ya kazi imeshafanyika. Jana alitumbukia humo mwenyewe wakati anamwonyesha mtu uzuri wa kingo zake. Tulimtoa kwa ngazi, anaongea bado.

4. Hili ni fupi kwa sababu linaniaibisha. Nina gego bovu, upande wa kushoto, chini. Nyumba nzima ilinisihi nikaling'oe, na mimi ile koleo ya daktari nikiiwaza tu naziba mdomo kwa kanga. Nikasema nitaenda kipande cha mawe kikizaa. Unaona mpango wako ulivyo hatari? Unamnasa hata aliyeutega. Siku ya kupima magunia hakuna aliyenipa pongezi. Walipanga mstari, wakaniangalia shavu.

5. Kwa miaka tisa nilikuwa mtu wa kuhurumiwa, na sikuujua utamu wake mpaka uliponiponyoka. Mtu alipopita akakiona kile kipande alisimama akasema pole. Pole ile ilikuwa na faida. Nikikosa mchango wa kikundi nilieleweka. Nikichelewa mkutanoni nilieleweka. Nikienda kwa jirani kuomba mafuta nilipewa, na maneno ya kunitia moyo juu yake. Sasa nina heshima, na heshima haikaangi kitu. Kikundi kimenifanya mshauri wa fedha. Mimi! Wageni wanatoka kata nyingine kuja kuona mistari ya mawe, wanaelekeza vidole, wananywa chai yangu na sukari yangu, wananiuliza siri ya mafanikio. Nawaambia ni bahati mbaya. Wanaandika. Mmoja aliniomba nirudie polepole ili asikose neno.

Hadi hapa, Bwana Shamba, ningeweza kujikaza. Chumba kingejengwa na dirisha ningelining'inizia pazia zito. Spika ningezitia pamba. Lakini namba sita haina pazia wala pamba, na ndiyo iliyonikalisha kwenye kigoda hiki tangu asubuhi.

6. Wifi. Huyu alikuja kwetu akiwa na umri wa miaka sita, kututembelea wiki moja. Wiki hiyo haijaisha. Mimi nilikuwa bibi harusi mpya, hata nyumba sijaizoea, na kila mtu alikuwa amenionya kwamba wifi ni wifi, nijiandae. Nikajiandaa. Siku ya pili akaniuliza kama najua kupiga mluzi. Sikujua. Akaacha kula, akanifundisha, mpaka nikatoa sauti. Tangu siku hiyo tukiwa shambani, mmoja juu na mmoja chini, tunaitana kwa mluzi, na mama mkwe anasema tutaita nyoka.

Ndiye anayeniambia kama nguo imenipendeza au nimefanana na gunia. Ndiye anayejua kama nimenyamaza kwa hasira au kwa uchovu, jambo ambalo kaka yake bado analifanyia utafiti. Tukipalilia tunagombana kuanzia mwanzo wa tuta, tukifika mwisho tumesahau tulichokuwa tunakigombania, tunageuka na tuta jingine tunaanzisha kipya. Nikiwa na homa yeye ndiye hujifanya mkali. Mimi na mume wangu hatukujaaliwa mtoto, na watu wengi wamenipa pole kwa hilo, nami hupokea kwa adabu, lakini moyoni huwa nashangaa wanamzungumzia nani.

Alipomaliza shule akaniambia anataka chuo cha kilimo. Chuo chenyewe ni safari ya kutwa nzima kwa basi, na masomo ni ya miaka mitatu. Sikuwa na moyo wa kumwambia hapana, wala sikuwa na moyo wa kumwambia nenda. Nikamwambia kipande cha mawe kikizaa. Wengine wote nilipowaambia maneno hayo waliondoka wameridhika, wakakaa kusubiri. Yeye hakukaa. Alichukua jembe. Ndiye aliyekuvizia wewe njiani mpaka ukasimamisha pikipiki, tena kwa miguu, maana breki huna. Ndiye aliyeyabeba yale mawe, mengine makubwa kuliko kifua chake, na nilipomwambia apumzike alinijibu kwamba atapumzika chuoni. Mimi nilikuwa nimesimama pale pembeni nimebeba maji ya kunywa, nacheka.

Na kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba anakwenda kusomea kuwa wewe! Atarudi, kama atarudi, na buti na pikipiki mbovu, awaonjee watu udongo na kuwaharibia wanawake wenzangu mipango yao.

Sitaki aende. Nimeandika, basi limeandikwa. Sitaki, na sina sababu nyingine ya maana ya kuongezea hapo.

Kutokana na hayo yote, naomba ofisi yako ichukue hatua. Ulitueleza semina ile kwamba kuna bima ya mkulima aliyekosa. Mvua ikikatika, analipwa. Sasa aliyepata analipwa na nani? Naomba iundwe bima ya mavuno mazuri. Mkulima akizidisha magunia mawili kwenye kipande kibovu, apelekewe msaada siku hiyohiyo, apewe mtu wa kukaa naye, na ndugu zake wote wazuiwe kumkaribia kwa muda wa msimu mmoja. Anayepatikana na spika azuiwe misimu miwili.

Naomba pia uje uyarudishe mawe. Yale mawe nilikuwa nayajua, kila moja nimeshalipiga teke na kila moja nimeshalitukana. Sasa yamepangwa kwa adabu kama watoto wa shule, nikipita siyatambui. Yarudi yalipokuwa, kila moja mahali pake. Nitakuja kukuelekeza.

Na katika semina zako zijazo, pale unaposema mkulima ajiandae kwa mwaka mbaya, ongeza maneno machache. Mwaka mbaya tunaujua. Tunakula nao, tunalala nao, tunajua unapenda nini. Ni mwaka mzuri unaoingia bila hodi na kumkuta mtu hajafagia. Huo hakuna aliyetufundisha kuupangia, na nadhani hata wewe hukuamini kwamba ungekuja, la sivyo ungetuonya.

Tukirudi kwenye barua ya Ijumaa. Neno ni moja tu: kimegoma. Wifi atasikitika siku mbili tatu. Nitampikia apendacho, tutapalilia, tutagombana, atasahau. Mama mkwe atarudi kwa mwanawe mkubwa. Mume wangu atarudisha mwiko. Mradi atafukia shimo, au atalitafutia matumizi mengine ambayo sitaki kuyajua leo. Jino langu litakaa mahali lilipozaliwa. Pima, Bwana Shamba: amani ya watu watano upande mmoja, na upande wa pili neno moja la kalamu yako, tena kalamu ya ofisi. Hata kwa hesabu ulizotufundisha mwenyewe, hiyo ni faida.

Naomba unisalimie mkeo na watoto, na yule mama wa ofisini anayepiga mihuri bila kuangalia karatasi, ambaye namtegemea sana. Msalimie mlinzi wa getini. Msalimie na fundi atakayeitazama pikipiki yako, siku utakapompelekea. Hapa wote hawajambo, na furaha imewazidi kipimo.

Ni mimi, niliyefanikiwa bila ridhaa yangu,

Mama wa Kipande cha Mawe

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua, natafuta gundi, mama mkwe akaingia jikoni akaniambia pole. Nikadhani ni jino. Kumbe asubuhi hii, wakati mimi nimejifungia kukuandikia, wifi aliwakusanya wote uani akawatangazia kwamba amekagua magunia, choroko zimeingiliwa na wadudu, zimetobolewa, nyingi ni vumbi. Kwa hiyo, akasema, kipande cha mawe kihesabiwe kwamba hakikuzaa, ahadi zote zisogezwe mbele, na yeye chuoni haendi. Wakamwamini! Mume wangu amerudisha mwiko kabatini bila hata kusema asanteni kwa kutusikiliza. Mradi ameketi ukingoni mwa shimo lake anaangalia ndani. Mama mkwe ameshafunga mzigo wake, na kigoda amekirudisha. Yaani yote niliyokuomba kwenye karatasi hizi yametimia kabla sijanunua stempu.

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake damu ilinichemka mpaka masikioni. Wadudu? Kwenye choroko zangu? Choroko nilizozianika mpaka zikawa zinalia mkononi, nikazipepeta, nikazichagua moja moja, wadudu wafanyie karamu humo? Nilitoka jikoni na kisu, watu wakatawanyika. Nikakata nyuzi za magunia yote, nikamwaga kwenye turubai katikati ya uwanja, nikaita majirani wa pande zote nne. Nikamshika wifi mkono, nikauzamisha kwenye choroko hadi kiwiko, nikamwambia anionyeshe tundu. Moja tu. Akatafuta, akatafuta, kisha akaanza kulia. Akasema ameona ninavyomwangalia siku hizi akipita, akaona bora ayaharibu mavuno kuliko kuniharibu mimi.

Nikamwambia ya kwangu nitayamaliza mwenyewe, lakini choroko tulizolima sisi wawili hazitasingiziwa na mtu mbele yangu, hata kama mtu huyo ni yeye na hata kama anayefaidika ni mimi. Tukalia wote juu ya turubai, tumepakaa vumbi, na mume wangu akaomba wageni waalikwa watupigie makofi. Wakapiga.

Kwa hiyo sasa kata nzima imeyaona magunia na sina tena pa kujificha. Karatasi nyingine sina, na mwandiko wa hii umenitoka vizuri, sitaki kuichana. Isome yote, halafu ufanye kinyume chake. Andika kimezaa. Andika magunia manane, kwa sababu la nane nilikuwa nimelikusanya kidogo kidogo nikalificha chini ya kitanda ili nisionekane nimepata sana. Andika kwa herufi kubwa, na yule mama agonge muhuri mara mbili. Wifi atafika Ijumaa mapema, usimweke kwenye foleni, basi lake ni Jumapili.

Mvua zikikaribia uje na buti zako. Sisi hupanda kwa kamba ili mistari inyooke, na kamba inashikwa na watu wawili, mmoja kila upande. Upande wa wifi utakuwa wazi, na nimekuandika wewe. Usichelewe, tunaanza kabla jua halijawa kali.